Ufa Huzibwa, Haufichwi



Juma hili tunaandika juu ya jambo ambalo na sisi tumo ndani yake, na sehemu yetu haitupendezi. Binti wa dada yetu anaishi Makina, Kibera, pamoja na mumewe na watoto wao wawili. Kila asubuhi alikuwa akivuka barabara ya Ngong kwenda Kawangware, kushona sare za shule na mabuibui katika karakana ya akina mama tisa. Karakana yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya chini katika nyumba ya mawe. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani, na cha nyuma kilikuwa stoo ya vitambaa. Mwenye nyumba alikuwa ameanza kuipandishia ghorofa nyumba hiyo, na akina mama waliendelea kushona huku mafundi wakijenga juu ya vichwa vyao.

Siku moja alitupigia simu Mombasa. Baada ya shikamoo na kuulizana hali za nyumbani, akasema: "Mjomba, mlango wa stoo haufungiki. Seremala ameupiga randa mara mbili na bado unakwama. Na juu ya mlango umetokea ufa, kidole changu kinaingia." Alieleza kwamba fundi aliitwa, akaupaka ule ufa saruji na chokaa, na siku ya nne ukarudi palepale. Kisha akauliza swali alilokuwa amelipigia simu: je, aache kazi?

Tulimjibu kwa neno tulilozoea kulitoa. Tulimwambia avute subira. Tulimkumbusha kwamba kodi ya nyumba haingoji, kwamba kazi ni adimu, na kwamba Mola ndiye mlinzi. Akasema, "Haya, Mjomba," akakata simu. Sisi tukaenda kusomesha darasa la alasiri, na wala hatukuuwaza tena ule mlango.

Siku ya Jumatano

Wiki ya tatu baada ya simu hiyo, siku ya Jumatano baada ya adhuhuri, vibarua walikuwa wamepandisha mawe na mifuko ya saruji na kuirundika katikati ya zege lililofunika stoo. Akina mama walisikia mlio kama wa ubao mkavu unaovunjwa gotini. Mmoja wao, mtu mzima kuliko wote, akapiga ukelele: "Tokeni!" Walitoka bila viatu. Aliyekuwa na zamu ya stoo alikuwa ametoka dakika chache kabla kuitikia simu ya mwanawe. Zege lilibonyea, kisha likashuka lote ndani ya stoo pamoja na mawe na saruji iliyokuwa juu yake, na vumbi likaijaza njia nzima.

Hakuna aliyefariki, alhamdulillahi. Kibarua mmoja kijana, aliyeshuka pamoja na mawe, alivunjika mguu. Vitambaa vya sare vikazikwa, na cherehani mbili zilizokuwa karibu na ukuta zikapondeka.

Asubuhi yake mwenye karakana aliwatumia ujumbe akina mama wote. Aliwaambia kwamba chumba cha mbele kimesimama, kwamba shule zinafunguliwa Jumatatu, na kwamba asiyekuja ajihesabu hana kazi. Tusimwone mama huyu kuwa mkatili. Yeye mwenyewe ni mpangaji, amekopa fedha za vitambaa, na zile sare zilikuwa zimeshalipiwa nusu. Binti yetu akapiga simu tena. Safari hii hatukumwambia avute subira. Tulimwambia abaki nyumbani, nasi tukapanda gari la moshi kwenda Nairobi.

Tuliyoyaona na tuliyofundishwa

Tulifuatana na fundi mmoja mzee, Mnubi wa Makina, aliyejenga maisha yake yote. Wanaoijua Kibera wanajua kwamba mji huo ulianza kama makao ya askari wa Kinubi kutoka Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza mwanzoni mwa karne iliyopita, na kwamba adhana ya Makina ni ya zamani kuliko ghorofa nyingi za jiji. Mzee huyu alikulia katika nyumba za udongo na mabati. Alituambia njiani, "Sheikh, bati likikuangukia linakukata. Zege likikuangukia linakuzika. Watu wamehama kutoka bati hadi zege, lakini wamelijenga zege kwa akili ya bati."

Kule Kawangware hakukuwa na haja ya vipimo vikubwa. Alituonyesha kwamba ukuta wa kati, uliojengwa zamani ili kubeba paa la bati tu, ndio uliotwishwa zege. Msingi wake ulikuwa mfupi kuliko urefu wa mkono wake. Alituonyesha pia mashimo sakafuni mwa stoo palipokuwa pamesimama miti ya kushikilia zege. Akina mama walituthibitishia kwamba miti hiyo iliondolewa baada ya siku saba, kwa sababu ilihitajika kwenye mjengo mwingine. Zege changa, alisema, ni kama mtoto wa kutambaa. Wahandisi hupima nguvu zake baada ya siku 28, na katika siku za mwanzo lazima limwagiliwe maji na lishikiliwe. Lile la stoo halikumwagiliwa ipasavyo wala halikushikiliwa, kisha likatwishwa mawe.

Tulimwuliza mambo ambayo mama asiye fundi anaweza kuyatambua akiwa kazini kwake, shuleni kwa wanawe au nyumbani. Alitutajia haya, nasi tunayaandika ili yakatwe na kubandikwa ukutani.

Mlango au dirisha lililokuwa likifungika vizuri likianza kukwama bila ya mvua wala unyevu kulivimbisha, tazameni ukuta, msiishie kwenye mbao. Ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya mlango au dirisha ni mbaya kuliko nywele za ufa juu ya lipu. Ufa ukipakwa lipu ukarudi palepale, maana yake ukuta bado unasogea. Chukueni penseli, wekeni alama pale ufa unapoishia na mwandike tarehe. Baada ya siku chache mtajua kama umevuka alama. Dari likianza kubonyea, vipande vya zege vikidondoka, au ukuta ukitoa milio, hapo hakuna tena kuweka alama wala kusubiri. Tokeni kwanza, maneno yafuate nje.

Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na methali hii tumeirithi tangu utotoni. Lakini kule Kawangware ufa ulizibwa, tena mara mbili, na ukuta ukaanguka. Kilichofanyika pale hakikuwa kuziba. Ilikuwa ni kuficha, ili wapangaji wasiogope na kodi isikatike. Na sisi tuliokuwa mbali tuliupaka ufa huohuo kwa neno "subira".

Si Kawangware peke yake

Tulipokuwa tukirudi Makina tulipita upande wa Ngando, kando ya barabara ya Ngong, si mbali na Kawangware. Hapo, asubuhi ya Jumatatu, Septemba 23, 2019, madarasa ya shule ya Precious Talent yaliporomoka watoto wakiwa ndio kwanza wameanza masomo. Ghorofa ya juu iliwaangukia waliokuwa chini. Watoto 7 waliripotiwa kufariki siku hiyo, na makumi wakakimbizwa hospitali. Jengo lilikuwa la mbao na mabati, limepandishwa juu bila uimara wa kubeba uzito wake. Kwa watoto ilikuwa shule, na kwa walimu ilikuwa ni mahali pa kazi.

Miaka mitatu nyuma, usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa sita lililokuwa karibu na mto mtaani Huruma lilianguka na kuua makumi ya watu. Wenye mamlaka walieleza baadaye kwamba jengo hilo lilikuwa limeshapangiwa kubomolewa. Yaani hatari ilijulikana, na watu waliendelea kulipa kodi na kulala humo.

Dar es Salaam, asubuhi ya Novemba 16, 2024, jengo la maduka lilianguka Kariakoo, sokoni, wafanyabiashara na wateja wakiwa ndani. Waliopoteza maisha walizidi 20, na serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo ya eneo hilo.

Na kisa kinachofanana zaidi na cha binti yetu kilitokea Bangladesh, katika nchi ya Waislamu wenzetu, ndani ya jengo lililoitwa Rana Plaza karibu na Dhaka. Lilikuwa na viwanda vya kushona nguo, na wengi wa washonaji walikuwa ni wanawake. Aprili 23, 2013 nyufa kubwa zilionekana ukutani, watu wakatolewa nje. Kesho yake benki iliyokuwa humo haikuwarudisha wafanyakazi wake. Washonaji waliamriwa warudi, na baadhi yao walitishwa kwamba watakosa mishahara. Asubuhi hiyohiyo jengo likaanguka, na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Ghorofa za juu zilikuwa zimeongezwa bila idhini.

Jengo ni moja, nyufa ni zilezile, asubuhi ni ileile. Wa benki walibaki makwao, na washonaji wakaingia. Kilichowaingiza ni kuogopa kukosa ujira, na hofu hiyohiyo ndiyo iliyowarudisha watano kati ya akina mama tisa katika chumba cha mbele cha Kawangware.

"Ni qadari, Sheikh"

Tulionana na mwenye nyumba baada ya swala ya magharibi. Ni Mwislamu, mtu mpole, na alitupokea kwa kahawa. Aliitikia kwamba makosa yametokea, kisha akasema, "Lakini ni qadari ya Mwenyezi Mungu, Sheikh. Lililoandikwa halifutiki."

Tulimkumbusha kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham na akaambiwa kwamba tauni imeingia huko. Aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Mungu, naye akamfahamisha kwamba wanatoka katika qadari moja ya Mungu kwenda katika qadari nyingine Yake. Kubaki ni qadari, na kuondoka pia ni qadari. Mja ataulizwa juu ya lile alilokuwa na uwezo wa kulichagua. Na kila mtoto wa madrasa anamjua yule bedui aliyefundishwa na Mtume (S.A.W.) amfunge kwanza ngamia wake ndipo amtegemee Mola wake.

Kisha tukamtajia mas-ala ambayo mafaqihi waliyaandika karne nyingi kabla ya saruji kufika kwetu, mas-ala ya ukuta ulioinama. Wanazuoni wa Kihanafi wamesema kwamba mwenye ukuta ulioinama kuelekea njiani, akiombwa auondoe, akapata muda wa kutosha, kisha asiuondoe hadi ukaanguka, huwajibika kwa ulichokiharibu. Kwa upande wa madhehebu yetu ya Shafi'i, Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba aliyeujenga ukuta ukiwa umeinama kuelekea njiani ni mwenye kudhamini. Ukiwa ulijengwa wima kisha ukainama wenyewe, hapo pana khilafu, na iliyo sahihi zaidi kwake ni kwamba hadhamini. Tulimwambia wazi kwamba hatukuja kumtolea hukumu. Hukumu ina watu wake na mahakama zake. Tulichomwuliza ni swali moja: ule ufa juu ya mlango, alipoambiwa mara ya kwanza na mara ya pili, alijihesabu yuko katika hali gani kati ya hizo?

Alinyamaza kitambo. Akasema atalipa gharama za mguu wa yule kijana, na kwamba ujenzi hautaendelea mpaka aje mhandisi. Tunamwombea Mungu amthibitishe katika neno lake. Hadi tunapoandika haya mguu umelipiwa, na mhandisi hajafika.

Na subira je? Hili tunajiambia wenyewe kabla ya kumwambia mtu. Subira ni kustahimili lile usiloweza kuliondoa, na kudumu katika twaa hata ikiwa nzito. Kukaa chini ya ukuta unaosogea wakati mlango wa kutokea uko wazi hakuingii humo. Kuilinda nafsi ni miongoni mwa makusudio makubwa ya sheria, na mafaqihi wametufundisha kwamba kuzuia madhara hutangulizwa mbele ya kuchuma manufaa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo, nasi tulilisahau tulipoulizwa kwa simu.

Sheria ya nchi inasemaje

Wengi wa akina mama wa Kawangware hawakujua kwamba sheria ya Kenya iko upande wao. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake anapoona hatari kubwa inayokaribia. Inamkataza mwajiri kumrudisha mfanyakazi mahali hapo maadamu hatari ipo. Na inasema kwamba aliyeondoka kwa sababu ya msingi kuogopea maisha yake asifukuzwe wala asiadhibiwe. Ujumbe ule wa asubuhi ulikwenda kinyume na sheria hiyo, ingawa aliyeuandika pengine hakujua.

Iko pia sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya mwaka huohuo wa 2007. Na ujenzi nao una mlezi wake: Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo kwake mkandarasi na mjengo hutakiwa kusajiliwa. Mkiona ghorofa inapanda juu ya karakana, kliniki, chekechea au madrasa mnayoitumia, ulizeni usajili huo uko wapi. Kuuliza si utovu wa adabu. Na mnapotoa taarifa, andikeni, wekeni tarehe, mpige picha ya ufa, na msaini wengi pamoja. Mtu mmoja akisema huambiwa ni mwoga. Tisa wakiandika, mwenye nyumba hulazimika kujibu.

Tunachowaomba

Kwanza, tunawaomba waume, baba, kaka na wajomba. Mwanamke wenu akirudi na habari ya mlango usiofungika, msimjibu kwa haraka kama tulivyojibu sisi. Nendeni mkaone. Na akiamua kuondoka, msimhesabie mkate alioukosa.

Pili, tunaziomba kamati za misikiti, za huku pwani na za Nairobi. Wale watano waliorudi hawakurudi kwa ujinga. Walirudi kwa sababu tarehe tano mwenye nyumba hugonga mlango. Tukiwaambia watoke kisha tusiwashike mkono, maneno yetu yatakuwa ni lipu nyingine juu ya ufa. Katika kila msikiti wanaswali mafundi, waashi na hata wahandisi. Wajitolee siku moja kwa mwezi kukagua mahali wanapofanya kazi akina mama na wanaposoma watoto, wakianza na madrasa zetu wenyewe. Na katika zaka na sadaka litengwe fungu la kumlipia kodi ya mwezi mmoja mwanamke aliyetoka mahali pa hatari mpaka apate pengine. Masikini na mwenye deni wamo katika wanaostahiki, na mama huyu huwa ni vyote viwili.

Tatu, tunawaomba wenye majumba na mafundi. Fundi anayeondoa miti siku ya saba anauza nafsi za watu kwa bei ya kukodi mbao. Mwenye nyumba asiyetaka kulipa mhandisi anajiwekea akiba ya dhamana atakayoulizwa. Jengeni polepole, na kama lazima mjenge juu ya watu, waondoeni watu kwanza.

Binti yetu hakurudi. Yeye na wenzake watatu walichagua kubaki nje, nao wamekosa ujira wa mwezi huo. Sasa anashona chumbani kwake Makina kwa cherehani ya kuazima, kazi ya hapa na pale, na kodi ya mwezi uliopita tulisaidiana kuilipa. Karakana nayo imehama, na waliorudi wamehama nayo salama, alhamdulillahi. Tulipomwomba radhi kwa jibu letu la kwanza, alicheka kidogo akasema, "Mjomba, nilipiga simu kwa sababu nilitaka mtu aniambie nitoke. Nilijua mwenyewe, lakini nilitaka kuambiwa."

Basi, ndugu zetu, tumewaambia. Atakayeulizwa na binti yake, asimwache angoje jibu hilo kwa wiki tatu.

Mwenyezi Mungu awaponye waliojeruhiwa, awarehemu waliotangulia huko Ngando, Huruma, Kariakoo na kwingineko, na atujaalie tuwe ni wenye kuonya kabla ya ukuta kuanguka.

Wabillahi tawfiq.